Mpaka Ulio Mlangoni Petu



Mwezi huu twataka kunena habari ya mipaka. Sisi tukaao katika Mkoa wa Songwe twaijua mipaka kuliko wengi. Mji wetu wa Tunduma umekaa juu ya mpaka: upande huu ni Tanzania, upande wa pili ni Nakonde ya Zambia, na mtu aweza kunywa uji huku, akanunua chumvi kule, kabla jua halijawa kali. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam yapita hapa, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yapita hapa vilevile. Malori hupanga mstari mrefu yakingoja forodha. Wamo mjini Wanyamwanga na Wanyiha, Wandali na Wasafwa, Wanyakyusa na Wakinga. Wamo wageni wa Zambia na wa Kongo. Wamo Wakristo wa makanisa mengi, wamo Waislamu, na wamo wasioshika dini yo yote.

Mpaka huu haukuwekwa na wazee wetu. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya juu ya mstari wa kugawanya nchi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Waingereza walitaka ile njia iliyoitwa Njia ya Stevenson, iliyoyaunganisha maziwa hayo mawili, ibaki upande wao. Basi mstari ukapigwa hivyo. Hakuna aliyewauliza Wanyamwanga. Hata leo kabila hilo liko pande zote mbili, na mama aliyezaliwa huku huolewa kule, na msiba wa kule huliliwa huku.

Walakini hatuandiki ili kuwalaumu watu waliokwisha kufa. Tumeutaja mpaka huu unaoonekana kwa macho ili tunene habari ya mipaka isiyoonekana, ile ipitayo katikati ya kabila na kabila, dini na dini, mwenye shule na asiye na shule, na hata katikati ya nyumba mbili zenye ua mmoja. Mpaka wa forodha huvukwa kwa karatasi na muhuri. Hii mingine huvukwaje? Na Habari Njema, ambayo tumeagizwa kuipeleka kwa watu wote, huivukaje?

Watu wengi hudhani kwamba huivuka kwa sauti kubwa. Hununua kipaza sauti, husimama sokoni, hupiga kelele mpaka jioni, kisha hurudi nyumbani wakisema, "Tumehubiri, nao wamekataa." Sisi twasema, pamoja na kuheshimu bidii yao, kwamba sauti huvuka upesi lakini moyo huvuka polepole. Na katika habari za Kanisa tangu mwanzo twaona jambo moja: Injili huvuka mpaka pale ambapo yeye aliye nayo akubali kwanza kubadilishwa yeye mwenyewe. Asiyevuka kwanza moyoni mwake hawezi kumvusha mtu mwingine.

Tufunue Matendo ya Mitume, sura ya kumi. Petro alikuwa Yafa, nyumbani kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, karibu na bahari. Huko Kaisaria alikuwako akida wa askari wa Kirumi, jina lake Kornelio, mtu wa taifa jingine ambaye Myahudi hakuingia nyumbani mwake wala hakula chakula chake. Angalieni jinsi Mungu alivyofanya. Kwa Kornelio alimtuma malaika mara moja tu, na Kornelio akatii siku ile ile. Lakini kwa Petro, mtume, aliyetembea na Bwana miaka mitatu, njozi ilirudiwa mara tatu, naye akabisha! Yaonekana kwamba kazi ya kumlainisha mhubiri ilikuwa nzito kuliko kazi ya kumwita mpagani. Kisha Petro akawakaribisha wale wajumbe, wakalala kwake. Kesho yake akaondoka pamoja nao, akaingia nyumbani mwa mtu ambaye jana asingemwingilia.

Tena soma sura inayofuata. Petro aliporudi Yerusalemu, ndugu walimlaumu. Walimlaumu kwa neno gani? Hawakumwambia, "Mbona umewahubiri?" Walimwambia kwamba ameingia kwao, na tena amekula pamoja nao. Kuhubiri kwa mbali kusingalimletea lawama yo yote. Lawama ilikuja kwa sababu ya sahani. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na hapa twaweza kusema kwamba mgeni naye alipona, maana Petro alitoka nyumbani mule akiwa mtu mwingine.

Hebu sasa tutazame habari zilizo karibu nasi zaidi, maana wengi wetu tumesoma katika shule, au kutibiwa katika hospitali, zilizotokana na kazi ya Kanisa la Moravian. Za Mbozi na za Isoko zajulikana na kila mtu hapa. Kanisa hilo lilifikaje kuwa la kutuma watu mbali? Mwaka 1722 wakimbizi kutoka nchi ya Moravia, walioudhiwa kwa ajili ya imani yao, walipata mahali pa kukaa katika shamba la bwana mmoja wa Ujerumani aliyeitwa Zinzendorf. Wakajenga kijiji, wakakiita Herrnhut. Watu wakazidi kuja, kila mmoja na desturi zake na mafundisho yake. Na kabla haijatimia miaka mitano kijiji kile cha watakatifu kilijaa ugomvi. Waliokimbia pamoja kwa ajili ya Kristo hawakuweza kukaa pamoja kwa ajili ya Kristo.

Zinzendorf akawaendea nyumba kwa nyumba, akisema nao na kuwasikiliza. Ndipo tarehe 13 Agosti 1727, walipokutana kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, wakapatana kwa machozi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1732, wawili wao, Leonhard Dober aliyekuwa mfinyanzi na David Nitschmann aliyekuwa seremala, wakatoka kwenda kisiwa cha St. Thomas katika bahari ya Karibi, kuwahubiri watumwa weusi ambao watu wengi wa Ulaya waliwahesabu kama mali tu. Fahamuni mpango huo. Kwanza walivuka njia ya kijijini kwenda kwa jirani waliyegombana naye. Ndipo wakavuka bahari. Mtu akitaka kuanza na bahari na kuiacha njia ya kijijini, bahari itamshinda.

Hatimaye kazi hiyo ikafika kwetu. Mwaka 1891 Wamoravian wanne walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa na kuanza kazi ya Rungwe, ingawa mmoja wao, Johannes Häfner, alikufa mwaka huo huo. Kutoka huko vituo vikaongezeka, na mwaka 1899 mmisionari Traugott Bachmann akaanzisha kituo cha Mbozi katikati ya Wanyiha. Habari ya mtu huyu yafaa ijulikane na kila mwalimu.

Bachmann alikuja Mbozi kama wengi walivyokuja zamani hizo, na amri mkononi. Watu waliokaa katika ardhi ya misioni walipaswa kufuata sheria zake: ngoma hii haifai, desturi ile haifai. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani kwamba desturi za nyumbani kwake Ujerumani na mapenzi ya Mungu ni kitu kimoja. Lakini alifanya jambo moja ambalo halikumwacha kama alivyokuwa: alijifunza Kinyiha kwa bidii. Na ujifunzapo lugha ya watu kwa haki, hujifunzi maneno matupu. Huna budi kuketi na wazee, kuuliza, kucheka unapokosea, kuuliza tena. Aliposikiliza, aliona kwamba Wanyiha walikuwa na adabu yao, na heshima ya wazazi, na sheria za ndoa, na sala zao, kabla yeye hajafika. Aliona kwamba Mungu alikuwa amemtangulia Mbozi.

Basi akaanza kuzifungua amri alizozifunga. Akajifunza kuwauliza wazee wa Kinyiha, wala si kuwaamuru. Baada ya kufa kwake mwaka 1948 habari za maisha yake zilitolewa katika kitabu, na jina lake kwa Kijerumani ni *Ich gab manchen Anstoss*. Neno hilo la mwisho lina maana mbili: ni kikwazo kinachomkwaza mtu, tena ni msukumo unaomwendesha mtu. Jina lenyewe latosha kuwa somo kwa kila afundishaye, maana mkono ule ule waweza kumkwaza mtu au kumsukuma mbele.

Jambo lililoleta maneno mengi kuliko yote lilikuwa habari ya wake wengi. Hatutaki kulikwepa, maana liko nasi hata leo, na tumeombwa na wasomaji kulisema. Mzee ana wake wawili. Aliwaoa wote kwa haki ya kabila lake, kwa mahari na kwa mashahidi, kabla hajalisikia jina la Kristo. Sasa amesikia, moyo wake umeguswa, ataka ubatizo. Kanuni iliyokuwapo ilimwambia amwache mke mmoja. Bachmann naye alianza na kanuni hiyo. Lakini alipokwisha kuwajua watu wa Mbozi kwa majina yao, akaona vingine. Huyu mke atakayeachwa amekosa nini? Atakwenda wapi? Nani atamlimia shamba, na watoto wake watamwita nani baba? Je, tutamfungulia mume mlango wa Kanisa kwa kumfungia mkewe mlango wa nyumba? Bachmann akafikia kusema kwamba mtu wa namna hiyo aweza kubatizwa pamoja na nyumba yake kama ilivyo, na jambo hilo likafanyika Mbozi, ingawa wengine wa misioni yake hawakupendezwa.

Tusieleweke vibaya. Ndoa ya Kikristo ni ya mume mmoja na mke mmoja, nasi twawafundisha vijana wetu hivyo bila kuyumba. Na kijana Mkristo anayejitafutia mke wa pili asijifiche nyuma ya mzee wa zamani. Wala hatusemi kila mwalimu ajitungie sheria yake. Sheria ya kila Kanisa i mikononi mwa wazee wake. Twasema neno moja tu. Mwalimu, kabla hujamwambia mzee aache, nenda kwanza nyumbani kwake. Keti. Mjue yule mke wa pili kwa jina lake, uwajue na watoto wake. Ukiisha kuwajua, ndipo useme. Huenda neno lako litakuwa lile lile, lakini halitatoka kinywani mwako kama jiwe.

Msidhani kwamba waliovuka mipaka walikuwa Wazungu peke yao. Ng'ambo ya pili ya mpaka wetu, karibu na Nakonde, kuna Mwenzo, kituo kilichoanzishwa na Waskoti wa misioni ya Livingstonia katika miaka ya 1890. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 misioni hiyo ilimtuma mwalimu David Kaunda, Mtonga wa pwani ya Ziwa Nyasa, aliyesoma Livingstonia, aende kwa Wabemba wa Chinsali. Wabemba walikuwa wameogopwa na makabila mengi kwa vita vyao na kwa kuteka watu. Kaunda hakuwa mtu wao, wala lugha yao haikuwa lugha ya mama yake. Lakini alikaa, akafungua shule, akajifunza kunena nao, akazaa watoto kwao. Mwaka 1930 aliwekewa mikono kuwa mchungaji, na mwaka 1932 akafa kule kule, mgeni aliyekuwa mwenyeji. Mtoto wake Kenneth, aliyezaliwa mwaka 1924 huko Lubwa, Chinsali, ndiye aliyekuwa Rais wa kwanza wa Zambia mwaka 1964. Baba alikwenda kwa watu wasio wake. Na watu hao wakamhesabu mwanawe kuwa wao.

Wala wanawake hawakukosekana. Siku zile za mwisho za biashara ya watumwa nchi yetu ilijaa watu waliotekwa, hasa wanawake na watoto, na wengi wao walikimbilia vituo vya misioni. Huko Utengule, katika nchi ya Usafwa, mke wa mmisionari, Bibi Elise Kootz-Kretschmer, alifanya kazi ambayo labda haikuonekana kuwa kazi. Aliketi na wanawake hao, akawasikiliza, akaandika habari zao kama walivyozisimulia. Ndiyo sababu leo twalijua jina la bibi Narwimba, aliyetwaliwa mateka na kupita mkono hata mkono, naye akashikilia watoto na wajukuu wake wasipotee. Twalijua na jina la Chisi, aliyetekwa angali mtoto. Mwaka 1993 mwanachuoni Marcia Wright alizitoa tena habari hizo kwa Kiingereza, na watu wa nchi za mbali wakazisoma. Mfikirini mwanamke aliyehesabiwa miaka mingi kama kitu cha kubadilishana kwa nguo au kwa ng'ombe. Siku moja mtu anaketi mbele yake na kumwambia, "Nieleze habari zako, nami nitangoja mpaka umalize." Hapo hajahubiriwa bado, lakini kwa kusikilizwa kule ameanza kujua kwamba yeye ni mtu mbele ya Mungu.

Sasa oneni matunda. Vita ya kwanza ya dunia ilipofika kwetu, wamisionari wa Kijerumani walichukuliwa kuwa mateka mwaka 1916, Bachmann akiwamo, naye hakurudi tena kufanya kazi Mbozi. Waskoti wa Livingstonia walisaidia kuyaangalia makanisa mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katika miaka ya 1920; lakini walioshika kazi kila siku vijijini walikuwa walimu na wazee wenyeji. Kanisa halikufa. Kwa nini? Kwa sababu nyingi, na moja yao ni hii: mwaka 1913 Agano Jipya lilikuwa limekwisha kuchapwa kwa Kinyiha. Miaka mitatu tu kabla ya mwalimu kuondolewa, Neno lilikuwa limeingia katika lugha ya nyumbani, lugha ya mama anayemlaza mtoto. Kama Bachmann angalidharau lugha hiyo na kungoja watu wajifunze yake, angaliondoka na Injili mkobani.

Basi, wapenzi, habari hizi zatuhusu nini sisi wa leo? Mkoa wetu ulifanywa mkoa mwaka 2016, makanisa yamejaa, waimbaji ni wengi, na Jumapili kengele zasikika huku na huku. Lakini twaogopa kwamba wengi wetu tumefanana na Petro kabla ya njozi. Tunayo Habari Njema, nasi tumeketi nayo Yafa. Twataka kusema mambo manne.

Kwanza, ulimi. Wako Wakristo ambao bado huwaita jirani zao "washenzi" kwa sababu hawajabatizwa, au husema "wa kuja" juu ya watu waliokuja Tunduma kutafuta riziki. Wako wanaoigiza matamshi ya kabila jingine ili watoto wacheke. Walimu, sikilizeni darasani: mtoto kutoka ng'ambo akisoma kwa sauti na wenzake wakamcheka lafudhi yake, mmewaruhusu kujenga mpaka ambao hata mhubiri hodari hataubomoa. Mfundisheni kila mtoto kusalimu katika lugha ya mwenzake. Salamu ni neno dogo, lakini ndiyo hodi ya moyo.

Pili, sahani. Jiulizeni, ni nani aliyekula mezani penu mwaka huu asiye wa kabila lenu, wala wa Kanisa lenu, wala wa dini yenu? Jirani Mwislamu akituletea chakula cha sikukuu yake, twakipokea kwa furaha, au twasita mlangoni? Nasi tukimwalika, twajua asichokula, na twakiondoa bila kumwaibisha? Wengine huuliza, "Je, tukila na kila mtu hatutapotea?" Petro alitoka nyumbani mwa Kornelio angali Petro, tena Petro aliyeijua zaidi neema ya Mungu. Kula na mtu si kuiacha imani. Wala hatusemi kila kitu ni sawa. Ulevi ni ulevi, na wizi ni wizi, kwetu na kwao.

Tatu, mizani. Mji wetu ni mji wa biashara. Shilingi na kwacha hubadilishwa njiani tangu asubuhi hata usiku. Mgeni aliyeshuka kwenye lori hajui bei wala njia. Akipunjwa na mtu aliyevaa msalaba shingoni, amekwisha kuhubiriwa, nayo mahubiri hayo atayakumbuka. Lakini akirudishiwa fedha aliyoisahau mezani, atauliza, "Wewe ni mtu wa wapi?" Hapo ndipo mahali pa kujibu habari ya tumaini lako, naye atasikiliza kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza.

Nne, na hili ni zito kuliko yote, ni kinyongo. Mara nyingi mpaka mgumu kuuvuka hauko Nakonde. Uko katika ua. Ni ndugu wawili waliogombana juu ya kiwanja cha baba yao, wote wawili wanaimba katika ushirika mmoja, mmoja huketi kushoto na mwingine kulia. Ni mama mkwe na mkaza mwana wasiosalimiana. Ni bibi kizee anayenong'onwa kijijini kuwa mchawi, na kwa ajili ya mnong'ono huo hakuna apelekaye maji kwake, hata Wakristo. Twataka kunena wazi juu ya huyu wa mwisho. Watu wameumizwa katika nchi yetu, hata kuuawa, kwa maneno ya namna hiyo. Nyumba ya Kikristo inayokwenda kwa bibi huyo mchana, machoni pa watu wote, ikaketi naye, ikala naye, imevuka mpaka mkubwa kuliko ule wa forodha, tena huenda imeokoa roho. Ikiogopa wasemavyo watu, ikumbuke kwamba Petro naye alisemwa.

Wale wa Herrnhut hawakutumwa mpaka walipopatana. Tukitaka kutuma wainjilisti kwa makabila yaliyo mbali, au kuwaombea watu wa nchi nyingine, na tufanye hivyo, ni vema. Lakini sala yetu itakuwa na nguvu gani ikiwa imeruka juu ya paa la jirani tusiyesema naye?

Kwa hiyo twaleta shauri kwa kila nyumba isomayo karatasi hii. Jioni, baada ya sala, baba na mama wawaulize watoto: "Ni nani karibu nasi tusiyemjua, au tusiyesema naye?" Watoto watalijua jina upesi, maana watoto huona. Chagueni jina moja tu. Mwombeeni kwa jina lake juma zima. Kisha mwendeeni, bila kuomba kitu na bila kubeba kitabu. Siku ya kwanza msihubiri. Ulizeni habari za watoto wake, za shamba lake, za kwao alikotoka, mngoje mpaka amalize. Mkikosewa heshima, rudini kwa amani, mwende tena. Ikiwa ni ninyi mliomkosea, neno la kwanza liwe la kuomba radhi. Na ikiwa Mungu atafungua mlango wa kumtaja Kristo, mtajeni kwa upole, kama mtu amwonyeshaye mwenzake kisima ambacho yeye mwenyewe alinyweshwa na wengine.

Walimu nao wafanye vivyo hivyo kwa mtoto mmoja darasani, yule anayeketi peke yake. Na wazee wa Kanisa kwa nyumba moja iliyoacha kuja, wasiende kuuliza kwa nini imeacha, bali kuuliza hali.

Tukifanya hivyo mwezi huu, labda hatutakuwa na hesabu kubwa ya kuandika katika daftari la ushirika. Lakini tutajua majina ya watu ambao jana tuliwaita "wale". Bwana wetu alivuka mbali kuliko sisi sote. Alitoka katika utukufu, akakaa katika nyumba zetu, akala vyakula vyetu, akajifunza lugha ya mama yake kama mtoto ye yote. Yeye aliyetujia hivyo awape ninyi nyote moyo wa kwenda, na amani yake ikae katika nyumba zenu. Amina.